Kabla Hujalipia Boksi la Kupunguza Uzito

Shangazi yangu ana miaka 54, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ameishi na kisukari aina ya pili kwa miaka minne sasa. Miezi michache iliyopita alinipigia simu, sauti imejaa furaha: amepata "programu". Boksi lenye pakiti 30 za unga wa vanila. Siku kumi, pakiti tatu kwa siku. Unakoroga, unakunywa, basi. Ugali hapana, wali hapana, chapati usiitaje kabisa. Aliyemuuzia ni mwalimu mwenzake, mwenye simu iliyojaa picha za watu "kabla" na "baada". Mimi nasoma masuala ya lishe, lakini siku hiyo nilikuwa mbioni kuwasilisha pendekezo langu la utafiti, nikamjibu haraka haraka: "Sawa shangazi, jaribu." Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Siku ya nne, saa kumi jioni, akaanza kutokwa na jasho jingi, mikono inatetemeka, maneno hayatoki vizuri. Bahati nzuri binamu yangu alikuwa nyumbani, akachukua mashine ya kupimia sukari: 2.6. Kwa mtu mwenye kisukari, chini ya 4 tayari ni hatari. Alimpa soda (ile yenye sukari, siyo ya "zero"), wakakimbilia hospitali, akalazwa usiku mmoja ili aangaliwe.

Sasa, hebu tuelewane mapema. Sitaki kukwambia kwamba mlo wa pakiti ni utapeli. Baadhi ya hivi vyakula vimepimwa kwenye majaribio makubwa ya kisayansi na matokeo yake yalishangaza hata madaktari. Lakini kati ya kilichofanyika kwenye majaribio yale na kilichomtokea shangazi kuna pengo kubwa, na pengo hilo ndilo unalotakiwa kuliangalia kabla ya kutoa pesa yako.

Kwa nini mtu anapungua

Tuanze na unga wenyewe. Mlo wa pakiti kwa kawaida ni protini ya maziwa au ya soya, sukari au wanga kidogo, mafuta kidogo, nyuzinyuzi, halafu vitamini na madini. Umeona kitu hapo kinachoyeyusha mafuta ya tumbo? Mimi sijakiona. Mtu anapungua kwa sababu anakula kalori chache kuliko anazotumia mwilini, hakuna siri nyingine.

Faida halisi ya pakiti ni kwamba inakuondolea maamuzi. Fikiria chakula cha nyumbani kwetu. Mama anapakua, hujui umepewa gramu ngapi. Kama mnakula kwenye sinia ndiyo kabisa, nani anahesabu matonge? Mafuta yaliyoingia kwenye mchuzi unayajua? Watafiti wa lishe wameona mara nyingi kwamba watu wakiulizwa wamekula kiasi gani hutaja kidogo kuliko ukweli, na si kwamba wanadanganya: kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu. Pakiti imeshapimwa. Unajua umeingiza nini.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ambao ni wagumu kweli kuruhusu maneno ya afya kwenye vifungashio, tangu 2012 umeruhusu vyakula hivi viandikwe kwamba kubadilisha milo miwili kwa siku husaidia kupungua, na kubadilisha mmoja husaidia kutorudisha uzito. Lakini sharti lipo: uwe ndani ya mpango wa kula kalori chache. Maneno kama "kuyeyusha" au "kutoa sumu" hayamo. Na kama unashangaa kuhusu hizo sumu, kazi hiyo ini na figo zako wanaifanya usiku na mchana bila boksi lolote.

Kilo tano kwa siku kumi?

Hapa tupige hesabu kidogo, usikimbie. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Tuseme mwili wako unatumia kalori 2,000 kwa siku, na mpango wa pakiti unakupa 800. Pengo ni 1,200. Kwa siku kumi, pengo ni 12,000. Gawanya kwa 7,700: unapata kilo moja na nusu hivi ya mafuta. Ni matokeo mazuri! Lakini siyo kilo tano.

Ili kupoteza kilo tano za mafuta kwa siku kumi ungehitaji pengo la kalori 3,850 kila siku. Mtu anayetumia 2,000 hata akifunga kula kabisa, asiguse kitu, hafiki huko. Kwa hiyo ukiona tangazo la namna hiyo, hesabu ya darasa la saba inatosha kulijibu.

"Lakini mbona mizani inashuka kweli?" Ndiyo, inashuka. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kitu kinachoitwa glaikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo inakaa na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba inatumika siku za mwanzo na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Hapo kilo moja na nusu au mbili zimeshaondoka, na mafuta bado hayajaguswa sana. Ongeza tumbo ambalo sasa halina mzigo wa ugali na maharage. Siku ukirudia kula kawaida, maji yanarudi mahali pake ndani ya siku mbili tatu. Picha nyingi za "baada" hupigwa kabla ya siku hizo mbili tatu.

Geuza boksi, soma nyuma

Nilipofika hospitali nilimwomba binamu aniletee boksi. Upande wa mbele kuna mwanamke anacheka. Upande wa nyuma ndipo kulikuwa na habari yenyewe.

Kwanza nishati. Pakiti moja iliandikwa 380, na shangazi alijua ni kalori 380. Akajumlisha: mara tatu, 1,140, si mbaya. Kumbe ile 380 ilikuwa ni kilojuli, ile alama ya kJ. Kalori moja ya chakula ni kama kilojuli 4.2. Yaani pakiti ile ilikuwa na kalori 90 tu. Mara tatu ni 270 kwa siku nzima! Hiyo ni sawa na chapati moja ya mafuta, kwa mtu anayesimama darasani tangu saa moja na nusu asubuhi.

Pili, kwa herufi ndogo sana, nimelazimika kupiga picha na kukuza: changanya na mililita 250 za maziwa. Shangazi alikuwa anakoroga na maji. Kwa nini? Muuzaji alimwambia maziwa yananenepesha. Glasi hiyo ya maziwa ingeongeza kalori 155 hivi na gramu 8 za protini kila mara. Bila maziwa alikuwa anapata gramu 27 za protini kwa siku. Kukiwa na maziwa angefika 51.

Kwa nini namba hizi zina maana? Kuna viwango vya kimataifa vya chakula, vinaitwa Codex, ambavyo nchi nyingi huvitumia kama msingi wa sheria zao. Vinasema chakula kinachouzwa kama mbadala wa mlo mmoja kiwe na kalori zisizopungua 200 na zisizozidi 400, na angalau robo ya kalori hizo itoke kwenye protini. Kama kinachukua nafasi ya chakula chote cha siku, kalori ziwe 800 hadi 1,200. Ipo pia aina kali zaidi, ya kalori 450 hadi 800 kwa siku, ambayo ni lazima iwe na angalau gramu 50 za protini na isimamiwe na mtaalamu wa afya. Angalia sasa alipokuwa shangazi: kalori 270, protini gramu 27. Alikuwa chini hata ya kile kiwango kikali, na msimamizi wake alikuwa kikundi cha WhatsApp.

Ukiwa hapo hapo nyuma ya boksi, tafuta usajili. Tanzania, tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS, na dawa ziko TMDA. Kenya utatafuta alama ya KEBS. Kama kitu kimeandikwa ni chakula halafu muuzaji anasema kinatibu kisukari au presha, mmoja kati yao anasema uongo. Na kuna jambo la kutisha zaidi: ipo dawa ya kukata hamu ya kula inaitwa sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa ya damu. Mamlaka za afya zimeendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zilizoandikwa "asilia". Unga wa kawaida haukufanyi usahau kula mchana kutwa, moyo uende mbio, mdomo ukauke na usingizi upotee. Ukiona dalili hizo acha, na uende na boksi lako hospitali.

Waliokufa wakinywa protini

Nitoke nje ya mada kidogo, ingawa kwa kweli ni mada ile ile. Mwaka 1976 daktari mmoja huko Marekani alitoa kitabu akisifia njia mpya ya kupungua: unafunga kula, unakunywa protini ya maji tu. Kitabu kiliuzwa sana, na kampuni nyingine zikaingia sokoni na vinywaji vya aina hiyo. Watu walipungua kweli. Halafu mwaka uliofuata taarifa za vifo zikaanza kuingia serikalini, hadi kufikia vifo 60 hivi, baadhi yao wanawake vijana waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo unaojulikana. Madaktari walipochunguza walikuta mapigo ya moyo yalivurugika.

Sababu? Protini ile ilitengenezwa kwa ngozi na kano za ng'ombe, yaani kolajeni. Kolajeni ni protini pungufu: inakosa tindikali amino moja muhimu kabisa, triptofani, na nyingine inazo kidogo sana. Kalori zilikuwa chini ya 400 kwa siku na madini hayatoshi. Mwili ukikosa protini kamili hauchagui, unachota popote, na moyo nao ni msuli.

Baada ya hapo watengenezaji makini walibadilika: maziwa, soya au mayai badala ya kolajeni, pamoja na vitamini na madini yote. Kwa hiyo leo pakiti nzuri haifanani na ile ya 1977. Ila poda za kolajeni bado zipo madukani mjini, zinauzwa kwa ajili ya ngozi na nywele, na nimeshasikia wanafunzi wenzangu wakizinywa badala ya chakula cha usiku. Ukitaka kuitumia kwa ngozi ni pesa yako, lakini usiifanye mlo.

Upande wa pili: yalipofanya kazi

Haya, tuje kwenye habari njema, na ni njema kweli. Mwishoni mwa 2017 jarida la Lancet lilichapisha jaribio linaloitwa DiRECT, lililofanyika Scotland na kaskazini mashariki mwa Uingereza, likiongozwa na Roy Taylor na Mike Lean. Walichukua watu wenye kisukari aina ya pili cha miaka isiyozidi sita, wenye uzito mkubwa, ambao hawatumii insulini. Nusu, watu 149, waliwekwa kwenye pakiti tupu, kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Nusu nyingine waliendelea na matibabu ya kawaida.

Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi la pakiti sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Kundi la kawaida: asilimia 4. Na kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika huko. Wengi tumekua tukiambiwa kisukari ukikipata umekipata, ni kwenda nacho tu mpaka kaburini. Kumbe kwa baadhi ya watu, mafuta yaliyojaa kwenye ini na kongosho yakipungua, kongosho linaanza tena kufanya kazi yake.

Utasema hao ni Waskoti, sisi je? Qatar walifanya jaribio linalofanana, likachapishwa 2020, kwa watu 147 wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, umri miaka 18 hadi 50. Asilimia 61 ya waliopewa mpango huo kisukari chao kilitulia, dhidi ya asilimia 12 ya wengine. Leo huduma ya afya ya Uingereza inatoa mpango wa aina hii bure kwa wagonjwa wanaofaa.

Sasa soma vizuri walichofanya DiRECT, maana matangazo huchukua namba na kuacha maelezo. Siku ya kwanza kabisa, madaktari waliwasimamishia washiriki vidonge vya kisukari na vya presha. Sikiliza: madaktari ndio waliosimamisha, kwa mpango, huku wakiwapima. Muuguzi au mtaalamu wa lishe aliyefundishwa alikutana nao mara kwa mara. Pakiti zilipokwisha, chakula hakikurudi siku moja. Kilirudishwa polepole, mlo mmoja mmoja, kwa wiki mbili hadi nane. Halafu wakaendelea kuonana kila mwezi. Uzito ukianza kurudi kulikuwa na utaratibu wa kuwaokoa mapema.

Na pamoja na yote hayo, muda ulidai chake. Mwaka wa pili waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36. Kwenye mwaka wa tano, kati ya waliokuwa bado wanafuatiliwa na kusaidiwa, takriban asilimia 13. Wastani wa kupungua ulibaki kilo 6 hivi. Mimi naona kilo 6 kwa miaka mitano ni ushindi mkubwa, usiudharau. Lakini kama hao, wenye muuguzi na daktari, ilikuwa kazi kubwa hivyo, boksi la siku kumi linakuahidi nini hasa?

Wazee wa intaneti mtakumbuka video ya Oprah Winfrey ya 1988: anaingia jukwaani anavuta kigari chenye mafuta ya mnyama, ratili 67, kama kilo 30, kuonyesha alichopoteza kwa mlo wa maji. Uzito ulirudi, na yeye mwenyewe ameongea hilo hadharani mara nyingi. Nani ana pesa na wapishi kumzidi Oprah? Pakiti hazikumfundisha kula.

Kidonge kilichokuwa kinasubiri ugali

Turudi kwa shangazi, nikueleze kilichotokea mwilini mwake. Alikuwa anameza metformin na glibenclamide. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide ni habari nyingine. Kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, na haijali kama umekula au hujala. Siku za kawaida ugali unakuja, insulini inaupokea, mambo yanakwenda. Siku zile nne insulini ilikuja ikakuta kalori 270. Ikashusha sukari ile ile iliyokuwa kwenye damu, ambayo ubongo unaitegemea. Jasho na kutetemeka ni mwili ukipiga kelele. Maneno kupotea ni ubongo ukikosa mafuta ya gari.

Ikitokea kwa mtu wako na bado anaweza kumeza: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini. Kama hawezi kumeza au amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kimbilia hospitali. Na kama anatumia glibenclamide mpeleke hata akipata nafuu, kwa sababu dawa hiyo inakaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Kwa hiyo ukiniuliza "hili boksi linanifaa?", swali langu la kwanza kwako ni: unameza dawa gani? Uzito nitauliza baadaye. Insulini na dawa za kundi la glibenclamide, nimeshaeleza. Dawa mpya zinazomwaga sukari kwenye mkojo, kama dapagliflozin na empagliflozin, zikikutana na njaa kali zinaweza kuifanya damu ijae tindikali, hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Vidonge vya presha: ukipungua haraka presha nayo inashuka, unasimama kitandani unaona giza. Warfarin: vitamini K iliyoongezwa kwenye pakiti inaweza kuvuruga kipimo chako. Hakuna dawa hapo ya kuacha mwenyewe. Peleka boksi kliniki, mtu anayejua akupangie.

Wapo ambao nitawaambia moja kwa moja waachane na pakiti tupu: mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye kisukari aina ya kwanza, mwenye ugonjwa wa figo au moyo asiye na daktari anayemfuatilia, na yeyote aliyewahi kuteswa na tabia ya kujinyima chakula au kula kwa pupa na kujitapisha. Huyu wa mwisho tunamsahau sana huku kwetu, tunadhani ni ugonjwa wa wazungu. Nimekaa hosteli miaka minne, najua siyo.

Halafu kuna wewe dada mwenye kilo 68 na urefu wa mita 1.68 unayetaka pakiti kwa sababu ya gauni la harusi. Gawanya uzito kwa urefu mara urefu: 68 gawanya kwa 2.82, unapata 24. Hiyo BMI iko kwenye kiwango cha kawaida. Majaribio yote niliyotaja yalifanywa kwa watu wenye 27 kwenda juu. Mtu wa kilo 82 na mita 1.60 ana 32, huyo tunaweza kuzungumza.

Hata kwa anayefaa, tarajia kufunga choo, kuhisi baridi, kichwa kuuma na kizunguzungu wiki za mwanzo. Nyingine ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kifuko hiki hujikamua ukila mafuta. Ukikaa wiki nyingi bila mafuta nyongo inatuama, na huku kupungua haraka kunaongeza kolesteroli ndani yake. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia usiyavumilie nyumbani.

Siku ya kumi na moja

Jambo ambalo hakuna tangazo nililoliona linaligusa ni siku boksi linapokwisha. Kabla ya kulipia, chukua karatasi uandike utakula nini siku ya kumi na moja: asubuhi, mchana, usiku. Kama huwezi kuandika, unanunua likizo fupi ya kutokula, halafu unarudi kwenye sufuria ile ile.

Piga na hesabu ya pesa. Tuseme boksi la siku kumi ni shilingi 150,000. Mpango wa DiRECT ulikuwa wa wiki 12 hadi 20, kwa hiyo wiki 12 tu ni maboksi zaidi ya manane, milioni moja na laki mbili na zaidi. Unazo? Na kama unazo, nani nyumbani atakula nini wakati wewe unakoroga vanila? Kuna mama wa nyumba gani atapika pilau la Ijumaa asionje chumvi? Usisahau pia majirani. Huku kwetu ukipungua watu hawakupongezi, wanakuuliza kwa sauti ya chini, "Unaumwa?" Nimeona mtu akirudisha kilo zake kwa makusudi kwa sababu ya swali hilo.

Kuna wanaoniuliza, basi si ninywe uji wa lishe tu badala ya pakiti? Uji wa lishe umetengenezwa ili mtoto aongezeke, na sehemu kubwa ni wanga. Ukitaka kuiga kinachofanya kazi kwenye pakiti, iga kipimo na kurudia: chagua mlo mmoja wa siku, uwe ule ule kila siku, uliopimwa, wenye protini. Mayai mawili yana kalori 150 hivi na protini gramu 12. Ongeza mboga za majani na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, uko ndani ya ile 200 hadi 400 ya Codex. Utapungua polepole kuliko pakiti tupu, hilo sitakudanganya. Lakini siku ya kumi na moja unaijua, kwa sababu inafanana na ya kumi.

Shangazi sasa daktari amemwondolea glibenclamide, amebakishiwa metformin, na anapima sukari asubuhi na jioni. Alitoka hospitali na pakiti 19 na hakutaka kuzitupa, pesa yake iko pale. Wakakubaliana na mtaalamu wa lishe: pakiti moja asubuhi, na maziwa, chakula cha mchana na jioni anakula na familia ila ugali unapimwa kwa bakuli moja dogo la plastiki ambalo binamu ameliandika jina lake kwa kalamu ya rangi. Wiki iliyopita pakiti zilikuwa zimebaki saba, na ameshaanza kubadilishana, leo pakiti, kesho mayai. Yule mwalimu mwenzake amemuuliza kama amletee boksi la pili. Shangazi amemjibu amtumie kwanza picha ya upande wa nyuma.